Shamba lako likiishia kwenye mafunjo: mpunga, mayuni, vidimbwi vya samaki, au kuyakata mafunjo yenyewe?

Kikundi cha akiba cha mtaani kwetu Walukuba, hapa Jinja, Uganda, kilikaa chini ya mwembe kuamua jambo moja: ile sehemu ya bondeni, pale mashamba yanapokoma na mafunjo yanapoanza, ifanyiwe nini. Mzee mmoja alitaka mpunga. Akina mama wengi walitaka mayuni, yaani magimbi kama wenzetu wa pwani wanavyoyaita. Vijana walitaka samaki. Mama mmoja msusi wa mikeka akasema yeye hataki hata kimoja, anataka mafunjo yake yabaki palepale yalipo. Mimi niliombwa niseme ninachojua, kwa kuwa ujanani nilibeba chupa za sampuli za watafiti waliokuwa wakiingia kwenye kinamasi chetu. Nilisema kwa haraka siku ile, na mengi yakabaki mdomoni. Nayaandika sasa kwa utulivu, maana najua swali hili liko pia Kampala, Masaka, Butaleja na kila penye bonde lenye maji.

Piga mguu chini kwanza

Kabla ya kulinganisha chochote, ujue umesimama juu ya nini. Kando ya Ziwa Victoria mafunjo mengi hayajashika ardhi. Mizizi na mashina yake ya chini yamesukana yakawa mkeka mnene unaoelea, na maji yanapita chini yake. Ingia hatua ishirini, piga mguu. Pakitikisika kama godoro, uko juu ya maji. Butaleja ni habari nyingine: kule mto Manafwa umeshusha udongo wa Mlima Elgon kwa karne nyingi, na tope lake linashika mche. Ndiyo maana skimu ya Doho, yenye hekta zipatazo 1,000 na mifereji iliyojengwa kwa msaada wa Wachina, ipo kule na haipo Masese, ufukweni hapa Jinja.

Hapo ndipo hoja ya mzee wetu wa mpunga ilipoanza kulegea. Alikuwa ameona mashamba ya Doho akiwa safarini kwenda Mbale, akarudi na picha ile kichwani. Lakini mpunga wa majini unataka matuta ya kuzuia maji, mlango wa kuyaingiza na mlango wa kuyatoa. Juu ya mkeka unaoelea huwezi kujenga tuta. Ili upande, lazima uyaue mafunjo, uuache mkeka uoze, ukauke na kuzama. Ukishaufanya hivyo, haurudi kwa kupanda mashina machache.

Maji machafu yanapita wapi?

Hiki ndicho kipimo ninachokipa uzito kuliko vyote, na ndicho watu wanachokiuliza mwisho.

Kampala imetupa somo lake wazi kabisa. Maji machafu ya mji, pamoja na yale yatokayo kwenye mtambo wa Bugolobi, hushuka kwa mfereji wa Nakivubo, huingia kwenye kinamasi cha Nakivubo, kisha hufika kwenye Ghuba ya Murchison. Kwenye ghuba hiyohiyo, upande wa Gaba, ndiko sehemu kubwa ya maji ya kunywa ya Kampala inakovutwa. Kati ya choo na bomba kuna kinamasi chenye ukubwa wa kilomita za mraba zipatazo 5 tu. Frank Kansiime na Maimuna Nalubega walichunguza jinsi kinamasi hicho kinavyosafisha maji, na kazi yao ilitoka mwaka 1999. Waliona kwamba mafunjo hufanya kazi hiyo vizuri zaidi kuliko nyasi nyingine kubwa inayoota pale, kwa sababu mizizi yake inaning'inia ndani ya maji yanayopita, na huko hunyonya naitrojeni na fosforasi huku uchafu ukinasa humo. Mwaka huohuo wa 1999 wachumi walikadiria kwamba kazi hiyo ya bure ina thamani ya zaidi ya dola milioni 1 kwa mwaka.

Sasa weka mazao yetu manne mbele ya kazi hiyo.

Mayuni yanataka udongo usiozama kabisa. Kwa hiyo mkulima huchimba vijifereji ili maji yaondoke, na maji yaliyokuwa yakijivuta polepole kwenye mizizi sasa yanakimbia moja kwa moja ziwani na uchafu wake. Mavuno ya mayuni nayo hubeba virutubisho kidogo, lakini mmea wenyewe ni mfupi, na uzito wake ni mdogo ukilinganisha na mafunjo yanayosimama mita nne. Nakivubo ilipoliwa na mashamba ya mayuni ndipo uwezo wake wa kusafisha ulipopungua. Mpunga kwa upande huu una nafuu, kwani matuta yanachelewesha maji, ila mbolea na dawa za magugu unazotia zinaelekea kulekule. Vidimbwi vikikaa pembeni, upande wa nchi kavu, havikati njia ya maji. Kukata mafunjo, ukikata kwa kiasi, kunafanya jambo zuri kwa maji: unabeba virutubisho mabegani na kuvitoa nje ya kinamasi, na chipukizi linaloota linaanza kunyonya upya.

Hapa Jinja hatuna ruhusa ya kusema hayo ni ya Kampala. Kinamasi cha Kirinya kinapokea maji kutoka kwenye mabwawa ya maji taka ya mji wetu, halafu ziwa linaanza. Ukilima pale, jiulize mambo mawili. Nani anachota maji mbele yako? Na chakula chako kimekunywa nini? Kampala, watafiti wamekuta madini mazito kama risasi na kadimiamu kwenye mazao yaliyolimwa kwenye vinamasi vinavyopokea maji ya viwanda na ya mji. Niliwaambia akina mama: kama maji yanayoingia shambani yananuka, mayuni yake msimpe mtoto. Walinyamaza kidogo, kwa sababu mayuni ya bondeni ni makubwa na yanauzika.

Kinacholeta hela mapema, na kinacholeta kazi

Nisiwe mtu wa kuzungumzia maji tu kana kwamba hakuna ada ya shule.

Mpunga hukaa miezi kama minne, na hela yake inakuja kwa mkupuo mmoja. Ila uliza aliyelima: kuamia ndege kuanzia alfajiri, kupalilia ndani ya maji, miguu kutafunwa na ruba, na kichocho. Kazi ya kuamia ndege mara nyingi inaangukia watoto, na hapo shule inalipa bei. Mayuni hayana haraka, yanachukua sehemu kubwa ya mwaka, lakini unaweza kung'oa machache leo na mengine mwezi ujao, na majani yake ni mboga. Kwa mama mwenye watoto sita hilo si jambo dogo, na sitamcheka yeyote aliyeyachagua.

Mafunjo yanalipa kidogokidogo mwaka mzima: mikeka, vikapu, dari, paa la banda, vichanja vya kuanikia mukene, yaani dagaa. Mtaji wake ni panga na mgongo wenye nguvu. Kinachoharibu ni pupa. Shina lililokatwa halioti tena. Linaloota ni jipya kutoka kwenye shina la chini lililo kwenye mkeka, nalo linahitaji miezi mingi kufikia kimo chake. Ukikata kipande kilekile kila baada ya wiki chache, akiba iliyo chini inakwisha na magugu mengine yanachukua nafasi. Mama msusi wetu hakusoma hayo popote. Yeye amegawa sehemu yake vipande, anakata kimoja anaacha vingine, na harudi kwenye kile cha kwanza mpaka mashina yawe yamempita kichwa kwa mbali. Nilipomsikia akieleza nilijisikia vizuri sana, kwa sababu watafiti wangemwambia vivyo hivyo.

Vidimbwi vya vidole: jaribio lililofanyika kwetu

Vijana walipotaja samaki walidhani wanaleta kitu kipya. Mwanzoni mwa miaka ya 2000 jaribio la namna hiyo lilifanyika Gaba, na hapahapa Walukuba. Wazo lilikuwa rahisi na la kupendeza. Unachimba vidimbwi vyembamba kuanzia ukingo wa kinamasi kuelekea nchi kavu, kama vidole vya mkono, kila kimoja urefu wa mita 24 na upana wa mita 8. Udongo unaoutoa unaulundika katikati ya kidole na kidole, unakuwa tuta la mboga. Ziwa likijaa msimu wa mvua, maji yanapanda mpaka vidimbwini na kuleta samaki yenyewe: ngege, kambare na wengine. Maji yakirudi, samaki wanabaki. Hununui vifaranga. Unatia samadi ya kuku au ng'ombe ili maji yawe ya kijani, samaki wale, na kabla ya kiangazi kukausha kidimbwi unavua. Rose Kaggwa ndiye aliyefanyia utafiti wake wa udaktari kwenye vidimbwi hivyo vya Gaba na Walukuba.

Mafunjo yaliyo ndani zaidi hayaguswi, na hapo ndipo uzuri wake ulipo. Lakini kuna mambo mawili yanayokwamisha. Kwanza, ngege huzaana ovyo wakifungiwa, mwisho unavua lundo la vidagaa badala ya samaki wa kuweka sahanini. Lazima uvue wadogo mapema, au uwe na kambare wa kuwala. Pili, kila kitu kinategemea ziwa lipande na lishuke kwa wakati wake, na Ziwa Victoria halina mkataba na mtu.

Mwaka mbaya

Kati ya 2004 na 2006 ziwa lilishuka sana, kwa ukame na kwa maji mengi yaliyoachiwa kwenye mabwawa ya umeme ya hapa Jinja. Ukingo wa maji ukasogea mbali na nchi kavu. Kidimbwi kinachosubiri mafuriko ya kukijaza kinakuwa shimo mwaka kama huo. Kisha ikaja 2020: mwezi Mei maji yalifika mita 13.42 kwenye kipimo cha Jinja, yakaipita rekodi ya 1964 kwa sentimita moja. Nyumba, vibanda vya samaki na mashamba ya ukingoni vikaingia majini.

Pima machaguo yetu kwa nyakati hizo mbili. Mayuni ya ukingoni yanaoza ziwa likipanda. Mpunga unazama wote siku moja, na hata Doho, penye matuta na mifereji, mto Manafwa umewahi kuvunja na kujaza mashamba mchanga. Vidimbwi vinazama na samaki wanarudi walikotoka. Mafunjo yanayoelea yanapanda na maji. Ziwa likishuka yanashuka nalo. Katika vitu vyote tulivyovitaja chini ya ule mwembe, ni hiki kimoja tu ambacho hakihitaji tubashiri ziwa.

Kile ambacho hakionekani ukisimama ukingoni

Wavuvi wa Masese walikuwa kwenye kikao kile na hawakusema neno. Nilitamani waseme, maana jambo hili ni lao.

Ndani ya mafunjo maji hayana hewa ya kutosha. Majani yanaoza, kivuli ni kizito, na oksijeni inakuwa kidogo mno. Mputa, yule sangara mkubwa aliyeletwa Ziwa Victoria katika miaka ya 1950, hawezi kuvumilia hali hiyo. Samaki wadogo kadhaa wa asili wanaweza. Lauren Chapman na wenzake wamelifuatilia hili kwa miaka mingi kwenye Ziwa Nabugabo, karibu na Masaka, ziwa dogo lililotengwa na Victoria na ukuta wa mchanga miaka elfu kadhaa iliyopita. Mputa aliingizwa Nabugabo miaka ya 1960, na samaki wengi wa asili wakatoweka kwenye maji ya wazi. Waliokutwa hai walikuwa ukingoni, ndani ya mimea ya kinamasi. Na kwenye vijiziwa vya jirani, Kayanja, Kayugi na Manywa, vilivyozibwa na kinamasi, mputa hakufika na samaki wa zamani wamebaki.

Kwa hiyo unapofyeka mafunjo, unabomoa pia nyumba walimojificha samaki wadogo wa ziwa zima. Mama anayelima tuta moja la mayuni pembeni hawezi kuliona hilo, wala si kosa lake, kwa kuwa hasara yake inamwangukia mvuvi wa mwalo mwingine. Lakini ndivyo ilivyo. Samaki aitwaye kamongo naye anakaa humo, na ndege bulwe, yule mwenye mdomo kama kiatu, anamfuata kamongo.

Na kuna hewa ya ukaa. Watafiti walisimika vyombo vyao hapa Jinja wakapima kinachoingia na kutoka juu ya mafunjo, kisha wakalinganisha na mahali palipogeuzwa kuwa mayuni. Mafunjo yanahifadhi kaboni nyingi mno. Ukiyaondoa, ukakausha tope na kubeba mavuno, sehemu kubwa ya akiba hiyo inapotea.

Kuhusu utalii nitasema machache. Wilaya ya Wakiso, kinamasi cha Mabamba kinawapa wenyeji kazi ya kupiga kasia na kuongoza wageni wanaokuja kumwona bulwe. Zamani wavuvi walimwona ni mkosi na wakamuua, leo wanamlinda. Ni mfano mzuri. Ila Mabamba iko karibu na Entebbe, na bulwe yupo kweli. Kwetu Walukuba sijamwona, na sitaki vijana waache panga na nyavu wakingojea mgeni asiyekuja.

Sheria, kwa ufupi

Katiba ya 1995, ibara ya 237, inasema ardhi oevu inashikiliwa na serikali kwa ajili ya wananchi wote. Kwa hiyo "bonde letu" ni letu kwa matumizi tu. Kanuni za ardhi oevu za mwaka 2000 zinaruhusu bila kibali kukata mafunjo na matete, kuchuma dawa, kuchota maji ya nyumbani na kuvua kwa mitego, mikuki na vikapu. Kilimo kidogo nacho kimo, mradi kisizidi asilimia 25 ya kinamasi. Soma vizuri hapo: ni asilimia 25 ya kinamasi chote, majirani wote kwa pamoja. Ukikuta wenzako wameshajaza hiyo robo, zamu yako haipo. Kuchimba mifereji, kufuga samaki, kufyatua matofali na kujenga vinataka kibali cha NEMA, mamlaka ya mazingira ya taifa, na kando ya Ziwa Victoria kuna mita 200 zinazolindwa kutoka ukingoni. Waliojenga Lubigi, Kampala, waliona mwaka 2024 jinsi mambo yanavyokuwa watu wakiondolewa baada ya kuwekeza kila kitu. Ilinisikitisha, kwa sababu wengi wao walikuwa maskini walionunua kwa mtu aliyejua anauza nini.

Kwa kipimo hiki peke yake, mkata mafunjo analala usingizi. Mwenye kidimbwi aanzie kwa afisa mazingira wa wilaya kabla ya koleo.

Basi uchague lipi?

Kama uko kwenye bonde la udongo ndani ya skimu iliyokwisha kujengwa, lima mpunga wako na utunze mifereji. Kuvunja kinamasi kipya kwa ajili ya mpunga sikuungi mkono. Mchele ukiwa ndio hamu yako, kuna mpunga wa nchi kavu wa NERICA, ule uliopigiwa debe sana na Gilbert Bukenya alipokuwa makamu wa rais. Unapandwa kwenye shamba la juu kama mahindi, na mzee wetu ana ekari yake huko.

Kama huna shamba jingine na njaa iko mlangoni, panda mayuni, lakini kwenye ukanda wa nje tu, pale mguu haupatikisi. Usikate mfereji kuelekea ziwani. Na usipande mahali panapopita maji ya mji.

Kama mko wengi, mna nguvu za kuchimba na mnaweza kungoja mwaka mmoja bila mavuno, vidimbwi viwili au vitatu upande wa nchi kavu ni jambo la kujaribu. Mchague mahali mnapoweza kuongeza maji kwa ndoo au pampu ziwa likichelewa, na msiweke akiba yote ya kikundi humo.

Na kama mafunjo yenu yanaelea, yanapokea maji machafu upande mmoja na kuyatoa ziwani upande wa pili, kama yetu, mimi nayachagua mafunjo: yakatwe kwa zamu, na sehemu ya ndani isiguswe na mtu.

Kikundi hakikukubaliana yote. Mzee bado anaona tunaacha mali majini. Lakini Jumamosi tunashuka bondeni na afisa wa wilaya, mwenyekiti wa LC (baraza la mtaa), kamba ya kupimia na vigingi, kuweka alama pale mguu unapoanza kutikisika. Mama msusi ndiye atakayetangulia, maana njia anaijua yeye.